Springi ya Nong Takyo

Huku vilimani juu ya mji wa Danao hakuna nyumba inayotengeneza bastola. Ukiuliza utajibiwa hivyo, na hutakuwa umedanganywa sana. Nyumba moja inachonga mtutu, nyingine inatengeneza kifyatulio, ya tatu inachonga mpini kwa pembe ya nyati wa kulimia, na kila nyumba inakula wali wake kwa amani, maana kipande kimoja cha chuma hakijawahi kumuua mtu. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba nikichagua vilivyo bora. Vipande nikishavikusanya nampelekea Moning, mdogo wake marehemu mume wangu, naye anaviunganisha. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Vidole vyangu vina kiburi: kitu kibovu vinakikataa kabla macho hayajakiona.

Mnunuzi alikuja Ijumaa asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa kwa pasi, helmeti ya pikipiki mkononi, anatabasamu kama mchumba aliyekuja kujitambulisha ukweni. Alisema anaitwa Jurie. Sikumwamini, lakini kwetu jina la mnunuzi haliulizwi mara mbili.

"Nataka moja tu, Nang Tibing," aliniambia, akinipa heshima ya dada mkubwa. "Ila isinitie aibu."

"Ya kulinda nyumba?"

"Ya kazi moja. Jumapili."

Nilipaswa kusimama hapo hapo. Sikusimama. Desturi yetu ni mnunuzi kufuatana na mchaguzi, aone kwa macho yake kila kipande kinapotoka, asije kesho akalalamika kauziwa takataka. Basi tukafuatana. Kwa mchonga mtutu alikunywa tembo la mnazi na kulisifu. Kwa Mama Sayong wa pembe alipimwa kiganja ili mpini umkae sawa.

"Mkono laini hivi!" Mama Sayong akamcheka. "Wewe hujawahi kushika jembe, baba."

"Nimeshika vingine, mama."

Tukacheka sote watatu. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Tulipokuwa tunapanda kwenda kwa Nong Takyo, aliniuliza kwa upole, "Binti yako anaendeleaje na masomo ya uuguzi kule mjini Cebu? Hosteli yao ile ya nyuma ya soko, jioni pana giza kidogo, eti?"

Mimi sikuwa nimemwambia kwamba nina binti.

Nong Takyo, yaani kaka Takyo, ndiye fundi wa springi. Magoti yake yamekwisha, ulimi wake bado, na katika vilima hivi vyote hakuna springi inayozifikia zake. Mwezi wa kwanza alikuwa nje ya uwanja wa kupiganisha majogoo wakati watu wawili wa pikipiki walipompiga risasi diwani wa kitongoji cha jirani. Mmoja wao alivua helmeti kujifuta jasho. Watu arobaini walikuwepo, na thelathini na tisa hawakuona kitu. Takyo alisema ameona, akaandikisha maelezo polisi, na Jumatatu iliyokuwa inakuja ilikuwa ashuke mahakamani kutoa ushahidi. Mkewe, Pasing, alikuwa ameshachoka kumlilia.

Kwenye kona yenye mianzi, hatua chache kabla ya nyumba ya Takyo, mnunuzi wangu alisimama akavaa helmeti. Asubuhi nzima alikuwa ameibeba mkononi.

"Nenda tu, Nang. Mimi nakusubiri hapa."

"Desturi ni mnunuzi aingie."

"Huyo mzee anaijua sura yangu."

Alisema hivyo bila haraka. Alitaka nijue. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilitazama, nikaona kila kitu: diwani, Jumapili, Jumatatu, hosteli ya nyuma ya soko. Nikaenda hivyo hivyo.

Takyo alikuwa amezipanga springi zake juu ya kitambaa. Dirisha lilikuwa wazi, na katikati ya mianzi niliiona helmeti ikitutazama.

"Nipe yoyote, kaka," nikasema.

"Yoyote? Siku hizi unauza mitumba?"

"Huna iliyochoka kidogo? Nipe hiyo."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama yake. "Tibing, umelewa asubuhi yote hii? Pasing, njoo umsikie huyu! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Springi zangu hazijawahi kutembea." Akaziminya moja moja, akachagua, akaifunga kwenye karatasi na kuandika jina lake juu, kama anavyofanya siku zote. "Mwambie mteja wako, hii haikwami. Ikikwama, aje anikunje shati."

Pasing aliniletea wali na samaki mkavu. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni. Ningeweza kumnong'oneza Pasing nikijifanya napokea sahani. Nikamkumbuka mwanangu akirudi peke yake jioni na vitabu vyake, nikayameza maneno pamoja na wali. Niliogopa. Hilo ndilo neno lake, na sina jingine zuri zaidi.

Lakini nilikuwa na hila. Nyumbani nina kopo la maziwa ninalotupia vilivyokataliwa. Nilichukua springi moja iliyokufa, nikaifunga kwenye karatasi ya Takyo, ile nzuri nikaitupa chooni. Nilijua mwenendo wa springi kama hiyo: ingekubali risasi ya kwanza ya majaribio, basi, baada ya hapo ni kukwama tu. Mchana huo huo nikampa Moning furushi zima. Sikumweleza, kwa sababu Moning humwambia mkewe, na mkewe hulitangazia soko zima. Nililala nikijiona mjanja, tena nimeokoa watu wawili.

Jumamosi nilishuka sokoni, nikarudi saa sita. Moning alikuwa ananawa mikono kwa sabuni, akipiga mluzi.

"Mteja wako keshachukua mzigo, shemeji. Kafurahi huyo!"

"Mliijaribu?"

"Risasi kumi mfululizo. Haikukohoa hata mara moja."

"Kumi?"

"Kumi. Ila wewe, shemeji, uzee unakuja. Unajua uliniletea springi iliyokufa? Ndani ya karatasi ya Takyo! Nilipoigusa tu nikajua." Alijifuta mikono kwenye suruali, kajaa sifa. "Ningeiachaje itoke kwenye nyumba yetu? Nikapanda kwake mwenyewe jana jioni. Mzee nusura anipige. Kanichagulia nyingine kwa mkono wake, kaipaka mafuta mbele yangu. Usijali, nimekusitiri. Nilimwambia labda zilichanganyika."

Nilitamani kumpiga, na alichofanya ni kile kile nilichomfundisha mimi miaka yote: kibovu hakitoki.

Nilipanda kile kilima mbio, mimi na umri huu, kandambili moja ikabaki njiani. Kwenye mianzi hapakuwa na mtu. Takyo alikuwa mezani pake, mzima, na aliponiona akainua tupa kunielekezea.

"Umekuja kuomba radhi? Maana hazikuchanganyika! Jina langu lilikuwa juu ya ile karatasi, Tibing. Miaka thelathini ya kazi! Nimekukosea nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nimesimama mlangoni: sura aliyoificha yule mnunuzi, Jumapili, mwanangu, kopo la maziwa. Pasing alitoka jikoni na upawa mkononi, akasimama pale pale. Nilimwambia Takyo kwamba jana niliketi kwenye mkeka wake, nikala wali wake, nikanyamaza.

Alishusha tupa. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Moning ameijaribu?" akauliza hatimaye.

"Risasi kumi."

"Ikakohoa?"

"Hapana."

"Haitakohoa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya fundi, hata hasira haikuwamo. "Ile nimeichagua mwenyewe."

Pasing akasema washuke mjini sasa hivi, wasingoje Jumatatu. Barabara ni moja tu, inapita kwenye mianzi, na mzee hawezi kukatiza porini kwa magoti yale. Wakati tunabishana, pikipiki ikasikika mbali chini, ikipanda, sijui ya nani. Zinapita nyingi siku za Jumamosi. Takyo akaweka tupa chini. Pasing akaenda kufunga madirisha, moja baada ya jingine, na jua lilikuwa bado utosini.