Hesabu ya Mchana

Kaka yangu alifungwa kwa kumpiga msimamizi wake wa kazi kwa ubao. Alimpiga kweli, hatukatai, na msimamizi mpaka leo akitaka kutazama pembeni anageuka mwili mzima. Hakimu aliposoma hukumu nilikuwa nimesimama nyuma, nikaisikiliza neno kwa neno. Mguu haukutajwa. Hakusema mtu huyu afungwe na mguu wake wa kushoto uozee humo.

Msumari ulimwingia kwenye unyayo akiwa karakana ya gereza. Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza baada ya hapo alikuwa anachechemea. Mara iliyofuata alikuja akishika ukuta. Halafu ikafika siku akaletwa mgongoni mwa mfungwa mwenzake kama gunia, akawekwa chini upande wake wa wavu, askari kakaa katikati yetu anachokonoa meno.

"Muuguzi anasemaje?" nikamwuliza.

"Anasema natafuta kupumzika."

"Lakini amekuangalia?"

"Ameniangalia usoni." Akacheka. Kaka yangu hata roho ikiwa kooni atatafuta pa kuchekea. "Kanipa vidonge vya kichwa. Nikamwambia, afande, kinachouma ni mguu. Akasema meza tu, dawa inajua njia."

Askari naye akacheka. Mimi nilikuwa naangalia vidole. Mguu ulikuwa umefungwa kipande cha shati, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba, vyeusi vyenye zambarau, kama bilinganya.

Kazi yangu ni ususi. Kesho yake kwenye kiti changu alikaa mteja wangu wa siku zote, mwanamke wa makamo, wakili, ambaye akisukwa hasemi kitu, anasoma karatasi zake tu. Siku hiyo nilimvuta nywele mpaka akanishika mkono.

"Binti, kichwa changu kimekukosea nini?"

Nikamweleza yote, nikiwa nimeshika rasta mkononi. Hakunipa pole. Aliuliza muuguzi alisema nini, nani alisikia, kaka ameomba hospitali mara ngapi. Mwisho akasema, "Tutawashitaki."

"Mfungwa naye anashitaki?"

"Wamemfungia mlango wa nje. Kutibiwa hawakumfungia. Haya, malizia upande huu, nisiende mahakamani nimesukwa nusu."

Mama alipopata habari alikaa chini jikoni, palepale kwenye sakafu. "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Wewe ni msusi. Unataka kupigana na serikali kwa kichanio?"

"Nikimpisha, mama, atapita juu ya mguu wa mwanao."

"Na wakimfanyia ubaya zaidi humo ndani?"

Niliosha vyombo vyote vya nyumba ile, hata visafi.

Gereza likajibu mahakamani kwa kiapo. Walisema mlalamikaji amelazwa zahanati ya gereza, ana kitanda, ana shuka, anapewa dawa kwa wakati na hali yake inatia moyo. Mara zote wakili alipokwenda kumwona aliambiwa yuko kazini, au anaoga, au amelala asisumbuliwe. Jaji, mzee mwenye upara na maneno machache, alisoma kile kiapo, akavua miwani, akasema, "Basi twendeni tukamwone." Na kwa kuwa wakili hakuwahi kumtia kaka machoni, jaji akaruhusu ndugu mmoja aende kumtambua. Ndugu huyo nikawa mimi.

Mbele ya lango wakili alinivuta kando. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukipiga kelele humo watasema tumeleta fujo, na ziara itaishia hapo. Macho yatumie. Mdomo ufunge."

Nikaufunga.

Mkuu wa gereza alitupokea kama maharusi. Mkanda unang'aa, viatu vinang'aa, kuta zinanuka rangi mbichi, na ukiegemea unaondoka na alama. Alituweka ofisini, zikaja soda. Akaeleza bustani ya mboga. Akaeleza kwaya ya wafungwa, akataka hata kuiita. Msaidizi wake aliingia, akainama kumnong'oneza, akafukuzwa kwa mkono. Akarudi tena, jasho linamtoka.

"Afande, muda unakwenda, kuna ile..."

"Subiri bwana! Huoni namweleza mheshimiwa mradi wa kuku?"

Nilikaa na soda yangu isiyofunguliwa, namtazama anavyochanua. Nilifikiri, baba huyu kuku wake anawajua kwa majina.

Hatimaye tukapelekwa zahanati. Chumba kirefu, vitanda pande mbili, shuka nyeupe ambazo mikunjo ya pakiti ilikuwa bado imesimama. Wagonjwa wamelala chali, mikono juu ya shuka, kimya. Nilipita nikiwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mabega kama mlango. Mwingine kichwa kimefungwa bendeji safi na mashavu yanameta kwa afya. Kaka hakuwemo.

Jaji alisimama kwa yule wa mabega. "Unaumwa nini?"

"Naumwa alivyosema afande, mheshimiwa."

Mkuu wa gereza akakohoa.

"Na mlalamikaji?" jaji akauliza.

"Bahati nzuri, mheshimiwa, asubuhi hii hii tumempeleka hospitali kuu. Tunajali sana."

Wakili wa serikali, kijana mwenye viatu vya ncha, hakuchelewa. "Basi hapo ndipo tulipofika, mheshimiwa. Walichokuwa wanaomba kimeshatendeka. Hakuna kilichobaki cha kubishania."

"Amepokelewa na nani huko hospitali?" akauliza wakili wetu.

"Karatasi zinafuata," akajibu mkuu wa gereza, na alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai.

Jaji aliandika neno moja, akatafuta kifuniko cha kalamu. Niliutazama ule mkono. Kalamu ile ikirudi mfukoni, tutapanda gari, lango litafungwa, na kaka yangu, popote walipomtia, ataoza mpaka aishe. Niliuma ulimi nikaonja damu. Nilikuwa nataka kupindua vitanda.

Hapo ndipo reli ilipogongwa.

Ilikuwa ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa uani, na kaka alishanisimulia habari zake. Humu, aliniambia, unaweza kukosa chakula, ukakosa dawa, ukakosa hata jina lako, lakini hesabu haikukosi. Kabla ya chakula cha mchana reli ikigongwa, popote ulipo unachuchumaa, wawili wawili, mikono kichwani. Asiyeitika ni mtoro, na mtoro anapigwa kwanza, maswali baadaye. Wanaume wazima wakitoka jela huchuchumaa hata mtaani wakisikia fundi anagonga bati.

Wagonjwa wote waliruka. Shuka zikaenda huku, mito ikaenda kule, na kufumba na kufumbua walikuwa sakafuni, wawili wawili, mstari umenyooka, mikono kichwani. Yule wa bendeji, bendeji ilimshuka mpaka puani. Akaiacha.

Mkuu wa gereza alifungua mdomo. Msaidizi wake alifumba macho.

Mlangoni akaingia sajini mzee, macho chini, fimbo inagusa kichwa baada ya kichwa. "Wawili, wanne, sita..."

"Sajini! Toka nje!"

"Nikitoka inavurugika, afande. Nane, kumi." Hakumwangalia mkubwa wake, wala jaji, wala sisi. Alimaliza mstari, akainua uso kuelekea ukuta wa nyuma, akaita kwa sauti ya kila siku, "Ghala!"

Na nyuma ya ukuta ikajibu sauti, nyembamba, imechoka. "Watatu, afande!"

Ilikuwa sauti ya kaka.

"Huko ghala kuna nini?" jaji akauliza.

"Ni stoo tu, mheshimiwa. Ya unga."

"Unga unaitika?"

Mkuu wa gereza akasema mwenye ufunguo yuko likizo. Sajini alikuwa ameshauchomoa kwenye mkanda wake. "Lazima niwaone kwa macho," alisema, na nadhani hakuwa anamwambia yeyote. Ndivyo alivyozoea. Akafungua.

Harufu ilitoka kabla hatujaingia. Wakili wa serikali aligeuka akatapika pembeni ya viatu vyake vya ncha. Kulikuwa na mzee amejikunja, anakohoa ndani ya kopo. Kulikuwa na mwingine, macho yake yamegandamana kwa usaha, anageuza kichwa kutafuta nani ameingia. Na juu ya magunia alikuwa kaka yangu. Kuchuchumaa hakuweza. Alikuwa amelala chali, mikono yote miwili kichwani, kwa sababu reli imegongwa.

"Mdogo wangu," akasema. "Umekuja na wageni na hatujafagia."

Nikafungua mdomo. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilimwambia mkuu wa gereza kwamba kuku wake wanalala pazuri kuliko watoto wa watu. Najua nilimshika mkanda ule unaong'aa na askari wakanibandua. Wakili wangu, aliyeniambia nifunge mdomo, alisimama pale ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kalamu ya jaji haikurudi mfukoni. Kaka alipelekwa hospitali kwa gari lilelile lililomleta jaji.

Daktari wa upasuaji alitutazama mimi na mama kama vile sisi ndio tuliochelewa. "Angeletwa mapema ningepasua jipu, nikamsafisha, akaenda zake kwa miguu yake." Walimkata juu ya goti.

Nilipoingia wodini alikuwa bado na usingizi wa dawa. Askari amekaa kando ya kitanda. Na pingu, nisikilizeni vizuri, pingu walikuwa wameifunga kwenye mguu uliobaki.

"Unaogopa atakimbia?" nikamwuliza askari.

"Ni utaratibu, dada."

Haukupita muda akaja wakili wa serikali, amebadilisha viatu. Alikuwa na karatasi. Mlalamikaji ametibiwa, alisema, kwa hiyo aondoe kesi, na kifungo kilichobaki kitatazamwa kwa huruma. Pengine angekuwa nyumbani kabla ya mvua.

Mama alilia hapo hapo. "Saini, baba. Saini urudi nyumbani. Mguu hawaurudishi."

Kaka aliishika kalamu. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeweza kusaini kwa meno. Lakini akauliza kwanza, "Wale wenzangu wa ghalani wako wodi gani?"

"Wale hawamo kwenye kesi."

"Nimeuliza wako wodi gani."

"Jaji aliagiza watibiwe, na wanatibiwa." Akapanga karatasi zake. "Kwenye zahanati ya gereza."

Askari aliangalia dirishani. Kaka hakucheka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekosa pa kuchekea.

"Mama," akasema, "mguu umeshakwenda. Nikisaini hapa, wameukata bure." Akamrudishia yule bwana kalamu, kitako mbele, kama mtu anavyompa mwenzake kisu.

Mama hakusema naye siku ile, wala iliyofuata. Wakili wetu alipokuja saluni alisema kesi inaendelea, ila kuwaingiza wale wengine wawili anahitaji wenyewe waombe au ndugu zao, na gereza halitaji ndugu zao ni akina nani. Kaka naye aliwajua kwa namba tu.

Siku ya kutembelea wafungwa nikaenda kwenye foleni ya lango, ingawa sikuwa na mtu wa kumwona. Nilianza mkiani, nikauliza mmoja mmoja, wako anakohoa? Wako anaumwa macho? Wengine walinisonya. Mmoja akaniambia nikatafute mume nje, ndani wamekwisha. Nikasonga mbele.

Karibu na lango nikamkuta mama mmoja ameficha chupa ya dawa ya kifua kwenye kitambaa.

"Wanaikataa kila mara," akaniambia, "lakini naileta."

"Unamletea nani, mama?"

"Mzee wangu. Kifua."

Nikamshika mkono, nikamvuta nje ya foleni. Akapiga kelele, "We mtoto, nafasi yangu! Nimekuja tangu alfajiri!"

"Iache, mama," nikamwambia. "Twende kwa wakili."