Miguu ya Mpira Chini ya Spika

Mali yote ya marehemu iligawiwa ndugu, isipokuwa kanda moja. Alijirekodi mwenyewe akiimba sebuleni, siku za mwanzo za ndoa, na mjane wake, mshonaji wa sare za shule, aliipiga kila asubuhi akiwa kazini. Tatizo ni kwamba spika zilikaa meza moja na cherehani. Cherehani ikikimbia, mume naye anaimba kama mtu mwenye homa, na hata ikisimama mikwaruzo ilifunika maneno.

Mkwe wake, fundi wa redio na bingwa wa maneno, akaleta dawa: vimiguu vya mpira vya kuweka chini ya spika. Mpira unameza mtetemo, alisema, na mtetemo ukimezwa sauti hutoka safi. Kanda nayo akaichukua, eti akaifute vumbi. Iliporudi, mshonaji alisikia kila neno, akalia. Tangu hapo kila mteja aliyekuja kupimwa alihubiriwa mpira. Wakamwamini, maana mama yule si mtu wa kusifu ovyo, wakaenda kununua kwa mkwe.

Siku moja cherehani ikaanza kutambaa mezani. Mshonaji akavitoa vile vimiguu kwenye spika, akaivisha cherehani, na kabla hajakanyaga akawasha kanda. Sauti ikatoka safi vilevile.

Akashtuka. Akaisikiliza kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine. Zamani, kabla ya ubeti wa pili mumewe alikuwa anakohoa, na yeye, bibi harusi wa juzi, anacheka pembeni na kumwambia aendelee. Sasa hapo palikuwa na kimya kilichopigwa pasi. Kimya hicho alikuwa amekisikia kila siku, na kumbe alikisifu, akidhani mpira umeondoa uchafu. Alijionea aibu, kisha hasira ikampanda.

Akamwita mkwe, akaja na mkewe. Mkwe hakuzunguka. Alikiri kwamba mpira hupunguza kidogo mtetemo wa meza, basi. Usafi wenyewe aliutengeneza kwenye kompyuta, ili mama afurahi na wateja wasikie tofauti.

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Nilirekodi juu yake, Mama. Na kwenye kompyuta nilishaifuta."

Mshonaji akamgeukia binti yake, akingoja naye ashangae. Binti alikuwa anatazama kucha zake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu alikuwa ameshona nguo maisha yake yote asikione.

"Ulijua?"

"Mama, kilikuwa kikohozi tu. Kikohozi na kelele za mtu."

"Mtu huyo ni mimi," mshonaji alisema. "Baba yako alikuwa ananiimbia mimi. Sasa anamwimbia nani?"

Akaiwasha kanda upya. Ubeti wa kwanza ukaisha, kile kimya kikapita, na mumewe akauanza ubeti wa pili bila kuambiwa na mtu.