Mkato wa Mwisho

Mkato wa mwisho ndio unaotoa sura. Mikato ya mwanzo inakula shaba tu, kama panya, haina adabu. Wa mwisho ni mwembamba kama unywele: unataka ncha mpya, mafuta, na mashine ya kuchongea isisimame njiani. Ikisimama, ncha huuma pale ilipo, ikaacha kovu lisilotoka kwa msasa.

Fundi alikuwa akichonga kibao cha shaba cha kaburi la mama yake. Tangu mazishi, dada yake hakumpa hata salamu. Akajisemea, nikimtengenezea Mama kibao kisicho na dosari, huenda moyo wa dada ukalainika.

"Unaibembeleza hiyo shaba kama mwali," fundi viatu wa mlango wa pili alimtania alipomwona kizingitini akikifuta kibao. "Mumeo hapati hata robo."

"Shaba hainijibu jeuri."

Akarudi ndani, akawasha mashine kwa mkato wa mwisho. Ncha ilikuwa katikati ya jina la mama pale kivuli kilipoingia mlangoni. Dada. Macho mekundu, mkoba kaukumbatia.

"Mdogo wangu, nimechoka kununa. Njoo tukae."

Mkono wa fundi ukaenda kwenye swichi, ukafika, ukarudi.

"Ngoja kidogo, Dada. Namalizia."

Dada akacheka kicheko kikavu. "Hata siku ile nilipokupigia simu kwamba Mama anakuita, ulisema hivyohivyo. Namalizia. Akakata roho anatazama mlango."

"Ni kibao chake hiki. Nikizima, kinaharibika."

"Basi kimalize. Kwako wewe wazima wanasubiri, na wanaokufa wanasubiri."

Fundi aligeuza shingo tu kumtazama akitoka. Mkono ulibaki na chupa ya mafuta, ukidondosha tone, na tone jingine. Shaba nyingine ilikuwapo rafuni. Alilijua hilo, wala hakuzima.

Mashine ilipotulia, alifuta chembe kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba juu ya herufi. Hakikukwama popote. Akatoka mbio na kibao mkononi.

"Dada kapita wapi?"

"Keshapanda gari, kitambo," fundi viatu akasema. "Alikuwa analia. Hebu nione."

Akakipokea, akakigeuzageuza juani akitafuta pa kulaumu.

"Hakina kosa hata moja."

"Najua," fundi akasema, akajikalia kizingitini.