Murugi Hakutia Sahihi

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne tu. Ilisema kwamba Murugi Wamae, mwanafunzi wa kidato cha nne, amekiri kuwasilisha kazi isiyo yake katika mradi wa somo la kompyuta, kwamba anaomba msamaha, na kwamba mzazi wake ana habari. Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi. Mwalimu Kinuthia, naibu wa mwalimu mkuu, aliisukuma mezani hadi mbele ya msichana, akaweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi urudi darasani," alisema. "Mambo yaishie hapa."

Murugi aliisoma mara mbili. "Siwezi, Mwalimu. Hii si kweli."

"Basi Ijumaa uje na mzazi. Na mpaka siku hiyo, maabara ya kompyuta usiikanyage."

Murugi alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye mwandiko mdogo ambao walimu walilalamika kuusoma. Shule yao ilikuwa ya kutwa, kwenye mteremko wa mashamba ya kahawa nje kidogo ya Gakindu. Maabara ilikuwa na kompyuta ishirini, na kati ya hizo tisa ndizo zilizokubali kuwaka. Siku ya kwanza kidato cha pili, Mwalimu Kioko aliandika mistari mitatu, akabonyeza, na mashine ikahesabu kutoka moja hadi elfu moja kabla darasa halijapepesa macho. Wengine walicheka. Murugi hakucheka. Alitaka kujua ni nani aliyeiambia isimame pale kwenye elfu moja.

Kupata kibodi ndiyo iliyokuwa taabu. Walikaa watatu kwa mashine moja, na wavulana walifika kwanza. "Wewe tusomee maelezo, sisi tutabonyeza," walimwambia. Basi akanunua daftari la kurasa tisini na sita, akaanza kuandika programu zake kwa penseli. Akishaandika, alizipitia mstari kwa mstari kwa kidole, kama vile yeye ndiye mashine. Wakati wa kuchuma kahawa alizipitia kichwani. Mama yake, Phyllis, akiwa kwenye mti wa pili, alimsikia akinong'ona, "Tatu, rudi juu, nne, rudi juu, tano, toka," na kwa miezi kadhaa aliamini kwamba mtoto anasali.

Siku za Jumamosi, Khavere, mama wa kutoka Vihiga aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta za kukodisha, pale sokoni Gakindu, alimwachia kompyuta ya nyuma, naye Murugi akawasaidia wazee kujaza fomu zao za serikali. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Hapakuwa na siri nyingine.

Ulipofika wakati wa mradi wa mtihani wa mwisho, wenzake walichagua programu za maduka na maktaba. Murugi alichagua ratiba ya shule, na alikuwa na sababu. Kila Alhamisi, kipindi cha tatu, darasa lake lilikaa bila mwalimu wa kemia, kwa kuwa saa hiyohiyo mwalimu huyo alikuwa ameandikiwa kidato cha pili. Ratiba hiyo ilichorwa na Mwalimu Kinuthia mwenyewe, kwa mkono, kila Januari, kwenye karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi nne. Alikuwa ameichora kwa miaka kumi na minne, na wageni walipofika shuleni aliwapitisha mbele ya karatasi hiyo kabla ya kuwaonyesha vikombe vya riadha.

Programu ya Murugi iliisoma ratiba hiyo na kutoa orodha ya mahali mwalimu mmoja alipopangwa katika madarasa mawili kwa wakati mmoja. Palikuwa pahali kumi na moja. Aliichapisha orodha kwa Khavere, akaipeleka ofisini kwa mikono miwili, akidhani mwalimu atafurahi.

Mwalimu Kinuthia aliisoma hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ni nani amekuandikia hii?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Nimeuliza ni nani."

Kesho yake, Jumatano, kwenye gwaride la asubuhi, alizungumza juu ya watoto wanaonunua kazi mitaani na kuzileta shuleni. Hakutaja jina, lakini alimtazama Murugi hadi shule nzima ikageuka kutazama. Kufikia saa nne wavulana walikuwa wamempa jina jipya, Saiba. Khavere alipopata habari kwamba yeye ndiye anayesemwa, alishika kiuno. "Ati mimi? Mimi hii mashine ikikwama nazima, nawasha, naomba Mungu. Niandike programu na nini?"

Siku hiyohiyo, alipotoka ofisini baada ya kukataa kutia sahihi ile karatasi, Murugi alimngoja Mwalimu Kioko mlangoni mwa chumba cha walimu. Kioko alikuwa kijana kutoka Machakos, mpole, aliyeajiriwa na halmashauri ya shule kwa barua ya miezi mitatu mitatu. Mkewe alikuwa amejifungua wiki mbili zilizopita.

"Mwalimu, wewe umeniona nikiandika."

Kioko alitazama viatu vyake. "Murugi, hii shule si yangu. Unajua vile mimi niko hapa."

"Sijakuomba unitetee. Nimekuomba useme ulichoona."

Kengele ikalia, naye akaelekea darasani akiwa amesahau vitabu alivyokuja kuchukua.

Jioni hiyo Murugi na mama yake walikaa nje ya jikoni wakichagua maharagwe. Phyllis alikuwa ameiona ile karatasi, ameikunja na kuitia kwenye mfuko wa aproni. Murugi alipewa jina la nyanya yake, mamake Phyllis, na kwa hiyo Phyllis alimwita "maitu", yaani mama yangu, hasa akiwa na la kumsihi.

"Maitu, tia sahihi. Hiyo ni karatasi tu. Umebakisha miezi mingapi?"

"Mitano."

"Miezi tano! Na unataka kuchoma miaka nne juu ya miezi tano? Nikiwa kwa shamba ya watu, msimamizi alikuwa akisema, Phyllis, umevunja matawi. Nasema, ndiyo, nimevunja. Kesho naamka naenda kazi. Kiburi haijazi sufuria."

"Na ulikuwa umevunja?"

Mama alirusha haragwe bovu kwa kuku. "Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nimesema hapana."

"Basi mimi siwezi kusema ndiyo, mama. Nikisema mara moja, watanishikia hapo. Nikiandika kitu kingine kesho, watasema, si huyu ndiye yule?"

"Na wakikufukuza?"

"Wanifukuze kwa kitu nimefanya."

Phyllis alimaliza maharagwe, akainuka, akaingia ndani, na Murugi hakujua mama yake ataegemea upande gani.

Ijumaa saa nne walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Madam Magdaline alikuwa amehamia shule hiyo muhula uliopita tu, na bado alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Mwalimu Kinuthia alikaa upande wake wa kulia. Mwalimu Kioko aliitwa, akasimama karibu na kabati. Phyllis alikuwa amevaa sweta yake ya kanisani, karatasi ikiwa mapajani.

Murugi aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kukaa mbele ya kompyuta aandike mradi wake upya wote wakimwona.

"Stima imepotea tangu asubuhi," alisema Mwalimu Kinuthia, akiinyoshea kidole taa iliyozimika. "Na nina darasa. Mama, wewe ni mtu mzima. Tia sahihi hapo tuendelee na kazi."

Phyllis alichukua kalamu. Murugi aliona mkono wa mama yake ukishuka kwenye karatasi, akasimama, ingawa hakuna aliyemruhusu kusimama.

"Sihitaji stima," alisema. "Nahitaji ubao."

Madam Magdaline alimtazama, akasukuma kiti chake nyuma. "Darasa la hapa kando liko wazi. Twendeni."

Murugi alichukua chaki, akaanza juu kabisa upande wa kushoto. Mwanzoni herufi zilipinda. Kufikia mstari wa kumi zilikuwa zimenyooka. Aliandika kama alivyozoea kuandika kwenye daftari lake, akieleza kwa sauti: hapa programu inachukua jina la mwalimu, hapa inachukua siku na kipindi, hapa inarudi juu kumtafuta mwalimu huyohuyo katika madarasa mengine yote. Ubao ulijaa. Akahamia ubao wa pili.

"Kukariri si kuelewa," alisema Mwalimu Kinuthia kutoka dirishani. "Hata kasuku hukariri."

"Basi mniulize kitu ambacho hakipo hapo."

Aliyeuliza ni Madam Magdaline. "Mimi nafundisha dini kidato cha tatu. Madarasa yote mawili huja pamoja ukumbini, Jumanne kipindi cha tano. Hii programu yako inasemaje juu yangu?"

Murugi aligeukia ubao. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akateremka polepole, midomo ikicheza bila sauti. Kidole kilifika katikati ya ubao wa pili kikasimama. Akarudi nyuma, akateremka tena.

"Inasema Madam yuko mahali pawili kwa wakati mmoja," alisema. "Na huo ni uongo. Nimekosea."

"Mmesikia?" Mwalimu Kinuthia aligeuka kwa wengine, mikono wazi. "Kwa mdomo wake mwenyewe!"

"Ndiyo, nimekosea," Murugi alisema, na safari hii sauti yake ilipanda hadi Phyllis akashtuka. "Kosa ni langu. Liko hapa, mstari wa thelathini na mbili, kwa sababu sikufikiria madarasa yanaweza kusoma pamoja. Kama ningenunua hii kazi, Mwalimu, ningejuaje kosa liko wapi?"

Alifuta mstari huo kwa kiganja. Akaandika mingine mitatu mahali pake, ikiwa midogo na imebanana, inayouliza kwanza kama madarasa hayo mawili yako katika chumba kimoja. Akaipitia tena yote kwa kidole kutoka juu.

"Sasa ni kumi," alisema akimgeukia Mwalimu Kinuthia. "Si kumi na moja. Moja nilikusingizia, na kwa hiyo moja nakuomba msamaha hapa mbele ya mama yangu. Hizo kumi ni zako."

Mwalimu Kioko alikohoa.

"Madam, naomba niseme." Aliitoa mikono mifukoni. "Huyu msichana nimemwona akiandika programu tangu kidato cha pili. Nimeona daftari zake. Huo mradi aliuanza Februari, na mimi ndiye nilimwambia utamshinda. Nilipaswa kusema haya Jumatano. Sikusema, na ninajua kwa nini sikusema."

"Mwalimu Kioko, fikiria sana unachosema," alisema Kinuthia.

"Nimefikiria siku mbili."

Madam Magdaline alinyoosha mkono kwa Phyllis, akapewa ile karatasi. Aliirarua mara moja, kisha tena.

"Na adabu je?" aliuliza Mwalimu Kinuthia. "Mwanafunzi kumletea mwalimu orodha ya makosa yake?"

"Adabu tutaizungumza siku nyingine ukitaka. Leo uliniletea shtaka la wizi." Akamgeukia Murugi. "Rudi darasani. Jambo hili limekwisha."

Murugi alikuwa bado ameshika chaki. Alijua kwamba hapo ndipo mtoto mwenye akili hushukuru na kuondoka. Alimwona mama yake akimkonyeza afanye hivyo.

"Asante, Madam. Lakini halijaisha. Niliitwa mwizi kwenye gwaride, shule nzima ikisikia. Naomba lisemwe palepale."

"Murugi!" alisema Phyllis.

"Palepale, Madam. Likisemwa huku ndani, huko nje mimi bado ni mwizi."

Madam Magdaline alivuta pumzi. Ilionekana kwamba hakulipenda ombi hilo, na pia kwamba hakupata la kulipinga. "Jumatatu," alisema.

Njiani kurudi, Phyllis alitembea mbele kwa haraka hadi walipofika kwenye daraja la mto. Hapo alisimama kurekebisha kitambaa cha kichwa. "Ningetia sahihi," alisema bila kugeuka. "Kalamu ilikuwa imegusa karatasi."

"Najua, mama."

"Nataka ujue sikuwa nafikiria wewe ni mwongo. Nilikuwa naogopa tu."

"Hata mimi niliogopa."

"Hukukaa kama mtu anaogopa," alisema Phyllis, wakaendelea na safari.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na bendera ilining'inia imelowa. Baada ya wimbo wa taifa, Madam Magdaline alitoka mbele. Mwalimu Kinuthia alisimama kwenye safu ya walimu, mikono nyuma, macho yakitazama juu ya vichwa vya wanafunzi. Hakuwa amemwambia Murugi neno tangu Ijumaa, wala hakupata kumwambia hata baadaye, ingawa wiki hiyo ratiba mpya ilibandikwa ikiwa na rangi zake nne, na Alhamisi kipindi cha tatu mwalimu wa kemia aliingia darasani.

"Wiki iliyopita," alianza Madam Magdaline, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza upesi, "ilisemwa hapa kwamba kuna mwanafunzi aliyewasilisha kazi isiyo yake. Tumechunguza. Kazi ya Murugi Wamae ni yake mwenyewe. Sasa, kuhusu usafi wa vyoo..."

"Haikusikika huku!"

Shule nzima iligeuka. Langoni, nje ya geti, alisimama Phyllis akiwa na gambuti zake za shambani na kikapu cha kuchumia kahawa mgongoni. Bawabu alikuwa amemshika kiwiko, naye alikuwa ameshika chuma cha geti kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali," alisema bawabu.

"Huku nyuma hatukusikia," Phyllis alipaza sauti zaidi, na sauti ikatetemeka, lakini hakuliachilia geti. "Wiki iliyopita ilisemwa kwa nguvu. Hata leo isemwe kwa nguvu!"

Mvulana mmoja kwenye safu ya kidato cha nne alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Murugi alibaki wima mahali pake, uso mbele, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Madam Magdaline alikitazama kile kichwa chenye kitambaa pale getini. Kisha akajaza kifua hewa na kulisema tena, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.