Alichojifunza Justina

Mwaka 1953, mtu wa vijiji vya jirani na Bariadi aliyetaka maksai wa kukokota plau alipeleka ng'ombe wake kwa Masele. Wengine walifunza ng'ombe kwa fimbo; Masele hakuwapiga. Mnyororo wa plau aliutikisa mbali kwanza, huku ng'ombe anakula pumba. Kesho yake aliusogeza kidogo, na keshokutwa kidogo tena, mpaka ng'ombe akawa anausikia mgongoni bila kuacha kutafuna.

"Ukimpiga chini ya nira umemfundisha kwamba nira ni maumivu," aliwaambia wenye ng'ombe. "Akiiona tu atakimbia, hata kama mkononi huna kitu."

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Baada ya kuuza pamba alinunua baiskeli, na siku za mnada alipitia kilabuni kunywa pombe ya mtama. Akifika kwenye ua wa minyaa uliozunguka kaya alipiga kengele ya baiskeli ili mkewe, Klementina, aje kufungua lango. Klementina akichelewa, alipigwa. Akiwahi, alipigwa kwa jambo jingine.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Justina, hajafika miaka mitano. Mwanzoni alilia alipoona mama yake anapigwa. Baadaye alilia lango lilipofunguliwa. Mwishowe kengele ilitosha: ikilia tu kule nje, kabla baba hajashuka kwenye baiskeli, mtoto alikimbilia nyuma ya kihenge cha mtama, mikono kichwani, mkojo unamtiririka miguuni.

Masele hakuyajua hayo. Akiingia hakumtafuta mtoto.

Aliyajua Jumapili moja, padre alipokuja kusomea misa kigangoni kwao. Siku hiyo Masele alikuwa hajagusa pombe, ameketi upande wa wanaume, kanzu yake safi. Padre alipoinua Hostia, mtumishi akapiga kengele ya altare. Mara upande wa wanawake zikatoka kelele. Watu wote walikuwa wamepiga magoti, vichwa chini, na mtoto wake ameingia chini ya benchi, amejikunja, sakafu imelowa. Masele akaenda kumwinua. Justina alipoona ni yeye, alipiga yowe kubwa zaidi na kumsukuma uso kwa viganja vyote viwili.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Klementina mbele na mtoto mgongoni.

"Ana nini huyu?" Masele akauliza.

"Hana kitu, Baba Justina. Amesikia kengele."

"Ile ni kengele ya altare."

"Yeye atajuaje? Anayoijua ni moja."

Klementina hakuwahi kumjibu hivyo. Mkono wa Masele ulipanda wenyewe, lakini nyuma yao walikuwepo waumini wengine, akaushusha.

Siku ileile alifungua kengele kwenye baiskeli. Na pombe akaiacha, jambo ambalo hata mama yake mzazi, Nyamizi, aliyeishi nao kaya moja, hakuliamini mpaka zilipopita siku kadhaa za mnada. Lakini mtoto hakubadilika. Kijiko kikigonga kikombe cha bati, Justina alikuwa tayari nyuma ya kihenge.

Ndipo Masele akafanya kitu alichokijua. Alimpa Nyamizi ile kengele, akamwomba asimame mbali, ng'ambo ya minyaa, aipige mara moja, polepole. Wakati huohuo Klementina alimpa mtoto karanga za kukaanga, kitu alichokipenda kuliko vyote. Justina alishtuka, akatazama lango, halafu akatazama karanga. Akala.

"Sogea, Mayu," Masele alimwambia mama yake siku zilizofuata. "Kidogo tu. Usimharakishe."

Walifanya hivyo msimu wote wa palizi. Nyamizi alifika langoni, kisha uani. Masele naye, aliyekuwa akikaa mbali na kugeuza uso, alianza kuweka karanga chini mwenyewe na kuondoka. Baadaye aliziweka na kubaki amechuchumaa. Ilikuja siku Justina akazichukua kwenye kiganja chake, moja moja, kengele inalia mlangoni. Na baada ya hapo ilikuja siku ambapo kengele ililia naye akaja mbio, amekinga mikono, anacheka.

Masele aligeukia ukutani.

Klementina alikuwa anapepeta mtama. Hakucheka wala hakulia. "Na mimi?" akauliza. "Mimi utanipa karanga gani?"

Masele akatoka kwenda kuwatazama maksai wake.

Mwaka uliofuata ndigana, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia. Masele alizika maksai wake wawili wa plau, wote wakati wa kulima, na mvua ilikuwa imeshachelewa. Akarudi kilabuni. Jioni aliporudi hakufanya fujo. Alikuja anaikokota baiskeli, akaketi kwenye kigoda, akamwita Justina kwa sauti laini. Mtoto akaja. Akasimama kati ya magoti ya baba yake, anakula karanga kiganjani mwake kama kawaida yao.

Klementina akaleta maji ya kunawa kabla ya ugali. Yalikuwa ya moto kidogo. Tone likamwangukia Masele kwenye mguu.

Alimpiga mkewe kwa mkono uleule wenye karanga. Zilitawanyika usoni kwa mtoto na sakafuni. Klementina aliangukia beseni, paji la uso likapasuka, na Masele akainuka akampiga tena, na tena, mpaka Nyamizi alipoingia akajitupa katikati yao.

Justina hakulia. Hakukimbilia kihenge. Alisimama palepale, akafungua mdomo, akatema karanga iliyokuwa imebaki ulimini.

Pombe ilipomtoka Masele alitaka kuanza upya. Kengele akampa tena mama yake, akamtuma tena ng'ambo ya minyaa. Kengele ililia na mtoto hakushtuka sana. Lakini Klementina alipomnyooshea karanga, Justina alifunika kichwa kwa mikono. Nyamizi akajaribu: vilevile. Hata jirani alipokaanga za kwake na harufu ikavuka ua, mtoto aliacha mchezo, akaenda kujikunja gizani nyuma ya mtama.

"Mwanzishe upya, kama ng'ombe wako," Nyamizi akasema.

"Nimeanza, Mayu."

"Basi?"

Masele aliketi chini. "Ng'ombe aliyepigwa kwenye nira namfundisha. Aliyepigwa akiwa anakula mkononi kwa mtu, huyo huwa namrudisha kwa mwenyewe. Namwambia amchinje. Sina cha kumpa."

Nyamizi alimtazama mwanawe. "Huyu si wa kuchinja," akasema. Akaingia ndani.

Klementina hakusubiri jeraha lifunge. Asubuhi moja alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kumuaga mkwewe. "Mayu, nakwenda kwetu Bukundi, kwa kaka yangu Salu." Nyamizi hakumzuia. Alimfungia michembe, viazi vikavu vya kula njiani, kwenye kitambaa, akawasindikiza hadi mtoni. Masele alikuwa shambani. Aliwaona wanapita, akaendelea kushika jembe bila kulima.

Baada ya mavuno alifunga safari kwenda kumrudisha mkewe, kama desturi ilivyotaka. Alilala njiani, akafika Bukundi mchana, amebeba kanga mpya na kigauni cha mtoto. Karibu na kaya ya Salu palikuwa na kisima, na wasichana walikuwa wanachota maji. Justina alikuwepo. Alikuwa amenenepa. Ndoo ya mwenzake ilianguka ikapiga mawe kwa kishindo, na Justina akacheka mpaka akakaa chini.

Masele alisimama nyuma ya mti wa mgunga. Alifungua mdomo amwite. Akatazama mikono yake, kanga huku, kigauni huku.

Aliviacha vitu vile kwenye tawi, akageuka na njia aliyojia, hajaingia kwa shemeji yake wala kumsalimu mtu. Kwa watu wa kule hilo lilikuwa tusi. Salu alituma mjumbe mpaka Bariadi kuuliza kwa nini amewadharau wakwe namna ile. Masele alimkaribisha mjumbe, akamchinjia kuku, akamsikiliza hadi mwisho.

"Waambie, wanisamehe au wasinisamehe, ni sawa," akasema. "Mimi sitakuja tena."