Mbegu Thelathini na Moja

Mbegu hamsini zilikuwa zimelala kwenye trei, juu ya karatasi yenye unyevu, na mtafiti mpya alikuwa amezihesabu mara nne. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: zilizoota ni thelathini na moja. Dokta, mkuu wa maabara, alikwisha kutangaza arobaini na nne katika trei yake.

Bila shaka, aliwaza mtafiti, kosa lilikuwa lake. Ndiyo kwanza alikuwa na wiki mbili kazini, hata jina lake halijazoeleka. Walimwita Mgeni, naye akaitika. Pale maabara hesabu ya kila mmoja ilirudiwa na wengine wawili, kila mtu na trei yake, kisha ikasomwa mezani mbele ya wote. Siku ya usaili aliusifia utaratibu huo kwa maneno matamu. Leo ulimtisha. Mezani ndipo ingepitishwa dawa mpya ya Dokta ya kulowekea mbegu, na wakulima walikwisha kuahidiwa kwamba wataipata kabla ya mvua.

Miezi minane alikaa bila kazi, akilala sebuleni kwa dada yake. Asubuhi hiyo dada alimfunga vifungo vya koti jeupe kama mtoto wa shule.

"Mdogo wangu, usijitie kimbelembele. Ukimwaga unga safari hii, sijui nitamwambia nini shemeji yako."

"Nimesikia, dada."

Na kweli alikuwa amesikia. Sasa, mbele ya trei, penseli yake iliandika nne, kisha nne nyingine. Akazitazama. Zilikaa vizuri tu, bila aibu. Mwenye kuona haya alikuwa yeye. Akazifuta mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Mezani alianza Chupa, mtafiti mwenzake, aliyebandikwa jina hilo kwa kuvunja vyombo vya maabara. Siku zote hakuishiwa utani. Leo alisoma harakaharaka, macho chini: "Arobaini na nne."

"Mgeni?" aliita Dokta.

Akasimama. "Thelathini na moja."

"Umehesabu vizuri?"

"Mara nne, Dokta."

"Labda hukuziloweka vya kutosha."

"Kwa muda wa saa sita, kama ulivyoandika." Alikwisha kuuona mkeka wake ukimngoja sebuleni.

Hapo Chupa akasukuma kiti nyuma. "Dokta, mimi..." Akajikuna shingo. "Mimi nilipata thelathini. Nikajua nimeharibu tena, si unanijua? Nikaandika yako."

Hakuna aliyecheka.

Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mgeni, lete trei yako."

Wakaizunguka wote, mabega yakigusana. Dokta alihesabu kwa sauti, kidole kikipita juu ya kila mbegu. Moja, mbili, mpaka tano. Iliyofuata ilikuwa imevimba, ganda limepasuka, ila mzizi haujatoka. Kidole kikasita. Mgeni akaelewa zilikotoka zile arobaini na nne, na hofu yote aliyokuja nayo ikageuka huruma: Dokta alikuwa ametamani mno mbegu hizi ziote.

"Hii nayo?" aliuliza Dokta polepole, akimtazama yeye peke yake.

"Haina mzizi, Dokta."

Kidole kilibaki palepale. Kisha kikaivuka bila kuihesabu.