Muhuri Uliogoma Kuinama

Kuramochi, mkuu wangu wa kazi, aliigeuza barua yangu huku na huku kama anayetafuta unywele kwenye mchuzi, kisha akanirudishia.

"Bi Motegi, muhuri wako umesimama."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimepanda treni asubuhi kutoka Hamamatsu hadi ofisini Nagoya kwa ajili ya viduara vitatu vyekundu, mihuri ya majina ya watu watatu, kwenye karatasi moja. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne: kwamba mimi, Chizuru Motegi, mwandishi wa vijitabu vya maelekezo ya pampu za maji, nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta, na kampuni inaniruhusu kuifanya nikiwa Ureno kwa mwaka mmoja. Bila barua hiyo, viza ya kukaa muda mrefu sahau. Miadi yangu ubalozini Tokyo ilikuwa keshokutwa, Ijumaa. Ikinipita, nyingine ni baada ya miezi miwili.

Miezi miwili dada yangu Nobue hana ya kuchezea. Yuko Porto, mjane, ana pacha wa miaka sita na saratani ya kongosho. Kwa pasipoti tupu ningekaa siku tisini, halafu nifungashe virago nimwache kitandani na watoto wanaojipikia mayai.

"Umesimama vipi, Mkuu?"

"Wima. Wangu unakaa kushoto. Nyinyi wa chini mihuri yenu inaulalia kidogo, kama mtu anayeinamisha kichwa. Wa Tomioka umeinama vizuri. Wako umenikodolea macho. Miaka mitano ya kukaa nyumbani, adabu yote imekutoka. Chapa upya, gongeni upya, mimi nitagonga Jumatano ijayo."

"Miadi yangu ni Ijumaa."

"Ungeinama mapema."

Akachukua koti, akaenda zake. Sasa nikwambie kitu. Kuramochi huyohuyo huja ofisini Jumatano tu. Siku nyingine yuko kwake milimani Karuizawa, miguu chini ya meza yenye kipasha joto, paka mapajani. Kitengo kizima tunamwona kwenye mikutano ya video. Makao makuu wanaamini yuko ofisini kila siku. Yeye kukaa mbali hakumwomba mtu. Mimi naambiwa nipige magoti kwa wino. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Mtu anakufa, huyu anapima mshazari wa muhuri.

Bi Tomioka, kiongozi wa kitengo chetu, akaniwekea chai. "Zoea tu, mwenzangu. Mimi huu mwaka wa ishirini na mbili nainama. Shingo imeshapinda yenyewe."

"Shingo yako hiyo. Mimi nina dada."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Akaichapa barua upya, akagonga muhuri wake pale katikati. "Naenda kula tambi," akasema. "Nitakawia. Droo ya Mkuu haifungwi, unajua."

Nani asiyejua. Wakubwa wote huacha mihuri yao kwenye droo ili wadogo wawagongee ruhusa za likizo na stakabadhi bila kuwasumbua. Ni mazoea, hakuna anayeyaita wizi. Lakini barua aliyoikataa kwa mdomo wake ni jambo lingine, na nililijua hilo vizuri. Hasira hasara, wanasema. Nikaikubali hasara. Nikagonga wangu kulia, wima vilevile. Halafu nikachukua wake nikaulaza upande wangu, tena si kidogo, jina lake likawa karibu kuanguka kifudifudi. Niliona raha, raha mbaya, sitaficha.

Ijumaa, ubalozini, nikapokewa dirishani na Bi Sakuma, Mjapani mwenzangu. Mgeni angeona viduara vitatu tu. Yeye alipofika chini ya barua akaweka kalamu mezani.

"Mkuu wako ana unyenyekevu wa ajabu," akasema. "Itabidi nimpigie."

Akampigia hapohapo kwa namba ya mkononi iliyokuwa chini ya barua. Nilisimama nimeshikilia ukingo wa dirisha, namwona Nobue akinisubiri bure. Bi Sakuma akamsomea barua yote, kisha akamweleza jinsi muhuri wake ulivyolala. Je, ni yeye aliyegonga? Akikana, makao makuu watamuuliza muhuri wake unafanya nini kwenye droo wazi, na nani humgongea siku zote hizo anazosema yupo.

"Anasema ni wake," Bi Sakuma akaniambia, akaitia barua kwenye faili.

Sijafika getini, simu ikalia.

"Umenidhalilisha, Bi Motegi. Ukirudi kutoka huko, nisikuone ofisini."

"Hutaniona, Mkuu. Nitakuja Alhamisi."

Akakata simu.

Viza ilitoka baada ya wiki tatu. Nikampigia Nobue kabla hata sijavua viatu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Wamekupa siku ngapi?"

"Siku za nini, Dada. Mwaka mzima."

Nikasikia anahema. "Mwaka ni mrefu, Chizu. Daktari mimi ananihesabia miezi. Mwaka wote huo utaupeleka wapi?"

Hapo ndipo hasira yote iliponipanda upya: Kuramochi, droo, daktari, kongosho, na yeye pia. Nikamwambia mwaka huo nimeunyakua mdomoni mwa mbwa, na ataumaliza wote, hataacha hata siku moja kwenye sahani, asiniletee habari za daktari. Alianza kulia. Nami nikaendelea kumfokea mpaka pacha wakaja kwenye simu kuuliza ni nani anagombana na mama.